Ishmael Kaimenyi na Rotifa wa Siakago

Ishmael Kaimenyi hakumpenda Kiende, na Kiende hakumpenda Ishmael, na kijiji kizima pale juu ya Nchiru kilijua hivyo kama kinavyojua siku ya soko. Tusidanganyane kwamba palikuwa na upendo umejificha mahali. Hapakuwa na kitu. Miaka ishirini na sita walikaa majirani, wametenganishwa na safu moja ya miti ya mibariti, na katika miaka hiyo yote hawakuwahi kuombana hata kiberiti.

Ukitaka kujua chuki hiyo ilitoka wapi, mjue kwanza Ishmael mwenyewe. Watu walimwita Mwalimu, lakini ualimu hakuwa nao. Alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari: kuosha chupa, kupanga kemikali, kukamata vyura wa mtihani, kufokea wanafunzi waliovunja vioo. Kichwa alikuwa nacho kuliko nusu ya walimu aliowaoshea chupa, na jambo hilo lilimkera kila siku ya Mungu. Alipita kidato cha nne vizuri kabisa, baba yake akamwambia masomo yametosha, kuna kahawa ya kuchuma. Basi akaingia maabara na ufagio mkononi na uchungu moyoni, na vyote viwili akakaa navyo mpaka alipostaafu.

Siku moja mwalimu wa biolojia aliacha tone la maji ya mfereji wa paa chini ya hadubini akaenda zake kunywa chai. Ishmael akachungulia. Lo! Aliona mnyama ana magurudumu mawili kichwani yanazunguka mbio, na chini ya hayo magurudumu mataya yanatafuna, yanatafuna, wala hayachoki. Mwalimu aliporudi alimkuta bado ameinama, na uji wake umepoa hadi umeganda juu.

Yule mnyama ni rotifa. Ni mdogo hivi kwamba punje moja ya mtama ingebeba kundi zima. Hana mifupa, hana damu, wala moyo hana. Yale yanayoonekana kama magurudumu ni vinyweleo vinavyopepea kwa zamu, vikivuta maji na chakula kuelekea kinywani. Ngozi yake ni angavu, kwa hiyo unaona kila anachokula kinavyoshuka tumboni, na nyuma ana mguu mmoja wenye vidole na gundi ya kujishikiza. Ishmael alikuwa na miaka ishirini na tisa alipomwona, na tangu siku hiyo mambo ya kawaida ya wanaume wenzake, ng'ombe, siasa, mpira, yakamtoka kabisa.

Alijishonea chujio la kuvulia. Kitambaa alikipata kwa kijana wa kuchapisha fulana pale Makutano, ile nailoni laini ya skrini ambayo hata vumbi halipiti, na chini akafunga shingo ya chupa ya soda. Akanunua daftari. Humo akaanza kuwapanga rotifa kwa mafungu, kila mmoja na picha yake ya penseli. Kulikuwa na watambaao, wanaojivuta kama ruba, wote majike, na dume lao halijawahi kuonwa na mtu yeyote duniani. Hao ukiwakausha wanajikunja kidonge, ukiwamwagia maji wanaamka wanaendelea na shughuli zao. Kulikuwa na wenye gamba na miiba, ambao madume yao hutokea mara mojamoja tu, nayo hayana hata tumbo: dume linazaliwa, linatafuta jike, linakufa. Mkewe Gatwiri alipoelezwa hayo alisema madume ya namna hiyo yeye ameyaona mengi Makutano. Kuna fungu la tatu la baharini, nalo Ishmael hakuwa na haja nalo.

Alikuwa na sheria moja: usiandike jina kabla hujaona taya. Unadondosha jiki kidogo, ile dawa ya kung'arishia nguo, kwenye kioo, nyama yote inayeyuka, mataya yanabaki peke yake, safi, na hapo ndipo rotifa anasema yeye ni nani hasa. Mwanafunzi aliyeandika "rotifa" tu kwenye karatasi alikiona cha mtema kuni. "Rotifa gani?" Ishmael angebweka. "Nyumbani kwenu mgeni akipiga hodi, ukiulizwa ni nani, unasema ni mtu? Wewe ni mvivu! Umeishia njiani!"

Sasa tuje kwa Kiende. Kiende, au Mama Kithaka kwa heshima, alikuwa mjane mwenye ng'ombe wanne wa maziwa, mikono mikubwa, na ulimi ambao haukuwahi kukosa la kusema. Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, alimkuta Ishmael amepanda ngazi, chujio limezama kwenye mfereji wa paa la kanisa. Kiende akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Haki ya Mungu tazameni!" akaita akina mama wenzake. "Wanaume wengine wananunua ng'ombe, huyu anavua minyoo kwa paa ya Bwana! Huyu ni Daktari wa Minyoo!"

Akina mama wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Jina likashika. Watoto waliliimba njiani, machifu wakalitaja kwenye baraza, na Linda, binti yake Ishmael, alirudi kutoka shuleni siku moja analia kwa sababu yake. Mtu mwingine angecheka pamoja nao, mambo yakaisha. Ishmael hakuwa mtu mwingine. Alikuwa wa kuweka mambo rohoni, na hili aliliweka pale juu kabisa.

Alipostaafu, shule ilitaka kumpa saa ya ukutani. Akakataa, akaomba ile hadubini kuukuu yenye mkono uliopinda. Akaiweka kwenye meza ya dirishani, na maisha yake yakawa hapo, daftari la kwanza hadi la arobaini na moja.

Kijiji kilikuwa na mradi wake wa maji. Kila familia ilichimba kipande chake cha mtaro kutoka msituni, na Kiende alichimba chake mwenyewe, mumewe akiwa tayari kaburini. Maji yalishuka kwa bomba mpaka tanki la simiti mgongoni mwa kilima, na kutoka hapo kila memba akapata laini yake. Tanki lilikuwa mpakani mwa shamba la Kiende, na shimo lake la samadi lilikuwa hatua thelathini juu ya hapo. Ufunguo wa tanki aliuweka Ishmael. Kifuniko chake kilikuwa cha chuma, kizito, cha kuinuliwa na watu wawili. Lakini Ishmael kuomba mtu msaada? Ng'o! Siku moja alipopata fundi wa bomba amekifungua, aliingiza jiwe ukingoni, kifuniko kikabaki wazi kiasi cha kupenyeza chujio. Miezi mingi jiwe hilo lilikaa pale, jua na majani yakiingia, na hakuna memba hata mmoja aliyepanda kutazama.

Mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekaza, maji yakatoka kwenye mifereji yakiwa ya kijani, yana harufu ya bwawa. Watoto wakaanza kuendesha tumbo. Watoto wa pale huendesha kila kiangazi, maji yawe ya kijani au yawe meupe, lakini mwaka huo pakatafutwa wa kulaumiwa. Gikunda, mwenyekiti wa komiti, akaitisha mkutano katika shule ya chekechea. Gikunda alikuwa na sauti ya kuuzia mnada, na pia alikuwa na mkwe aliyengoja laini ya maji miaka mitatu, wakati laini zote zimejaa. Hilo la mkwe kila mtu alilijua, na kila mtu alinyamaza.

"Mwalimu," Gikunda alimwambia, "lete ile kioo yako utuonyeshe tunakunywa nini."

Hebu fikiria. Miaka na miaka watu wamekucheka, halafu leo wanakuita, wanakupangia meza, wanakuletea kiti. Ishmael alivaa koti. Akachota maji ya mfereji kwa bomba la sindano, akadondosha kwenye kioo, akarekebisha mwanga, akawaita mmoja mmoja. Yowe lililopigwa pale! "Uuui! Wanatembea!" "Yesu, ana pembe!" Mzee mmoja alitoka nje akatema mate mara tatu.

"Sasa tuambie, Mwalimu," akasema Gikunda. "Hawa wametoka wapi?"

Ishmael akainama tena. Aliona gamba. Aliona miiba. Alikuwa ametumia lenzi ndogo, ya kuonyeshea watu, na ile kubwa ilikuwa hapo hapo, robo mzunguko tu. Chupa ya jiki ilikuwa mfukoni mwake. Alijua vizuri kazi haijaisha. Akainua kichwa apumzishe jicho, na mlangoni akamwona Kiende amesimama, mikono kifuani.

"Leo Daktari wa Minyoo amepata wagonjwa," Kiende akasema, na mtu mmoja nyuma akacheka.

Damu ikampanda Ishmael. "Hawa ni jamii ya Brakionasi," akasema, kwa ile sauti yake ya maabara. "Wenye gamba. Wengi wa jamii hii hupenda maji yaliyoingiwa na samadi. Sasa nyinyi wenyewe jiulizeni, samadi iliyo karibu na tanki ni ya nani?"

Watu wote wakageuka kumtazama Kiende. Hakuna aliyeuliza kama wadudu wale wanadhuru mtu, na Ishmael, aliyejua kwamba hawadhuri hata kuku, hakufungua mdomo kusema.

Kiende alijaribu kujitetea. Alisema shimo lake limejengewa ukuta, alisema mvua haijanyesha miezi mitatu, samadi itatembeaje? Hakuna aliyemsikiza. "Unatulisha mavi!" mama mmoja alimfokea, mama aliyenunua maziwa kwake miaka kumi. Jioni hiyo hiyo laini yake ikakatwa kwa msumeno, bomba likafungwa kwa kipande cha mpira. Komiti ikampa mwezi mmoja, kisha mkutano wa pili uamue kama atafutwa kabisa katika uanachama. Akifutwa, laini inakwenda kwa anayengoja, na hairudi.

Ng'ombe wanne, na mto uko chini kule bondeni. Kiende alishuka alfajiri na mtungi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, akapanda, akamwaga kwenye hori, ng'ombe wakamaliza kabla hajavuta pumzi, akashuka tena. Ishmael alimwona kutoka dirishani. Tuseme ukweli: wiki ya kwanza aliona raha. Alikunywa chai yake polepole akimtazama anapita, na akaongeza sukari.

Jumapili ya tatu Gatwiri alikuwa kanisani, nyumba imetulia. Ishmael akaitoa ile chupa ya maji ya tanki aliyoihifadhi tangu siku ya mkutano, ili amchore mnyama yule vizuri katika daftari la arobaini na mbili. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa tu na kazi yake iliyobaki nusu, na kazi nusu ilimwasha. Akaweka lenzi kubwa.

Pembe sita mbele. Mbili kati ya hizo ndefu mno, zimepinda kama miundu. Nyuma miiba miwili mirefu, inaachana halafu inakaribiana tena. Akadondosha jiki, akangoja, akayatazama mataya. Akarudia kwa mnyama mwingine, na mwingine, hadi kumi. Kisha akakaa nyuma kwenye kiti, na jasho likamtoka kwapani, asubuhi ya baridi ile.

Alimjua. Kwa kitaalamu ni Brachionus falcatus, lakini katika daftari lake alimwita Pembe-mundu. Ni mnyama wa maji ya joto. Miaka yote ya kuvua katika maji ya mlima, mifereji, vidimbwi, mashimo ya migomba, hakuwahi kumwona. Alimwona mara ya kwanza mwezi wa kwanza mwaka huo huo. Alikuwa amekwenda Siakago kumtembelea dada yake Eunice, aliyeolewa huko Mbeere, na katika shamba la shemeji yake Munyi palikuwa na silanga, bwawa la kukingia mvua, lililokauka hadi udongo umepasuka. Rotifa wenye gamba, wakiona maji yanakwisha, hutaga mayai yenye ganda nene yanayolala udongoni hata miaka. Ishmael akajaza udongo ule katika pakiti ya unga. "Shemeji, kwenu hakuna mchanga?" Munyi alimuuliza, akamsindikiza stejini akicheka.

Nyumbani alitia udongo kwenye pipa, akaongeza maji na kinyesi cha kuku kidogo, na baada ya siku chache Pembe-mundu wakazaliwa wengi. Akawavua kwa chujio lake. Akawachora. Na siku iliyofuata, kwa kuwa alitaka kuwalinganisha na wa mlimani, akachukua chujio lile lile, bado limelowa, akapanda kilimani, akalipenyeza pale penye jiwe, akalichovya ndani ya tanki la kijiji kizima.

Rotifa mmoja tu anatosha. Jike hahitaji dume. Anataga, na waliozaliwa wanataga. Na jua lililopita palipoachwa wazi ndilo lililokuza ukijani wa kuwalisha. Samadi ya Kiende haikuhusika hata chembe. Ni chujio lake. Ni jiwe lake. Ni yeye.

Ungedhani alimfikiria Kiende kwanza. Wapi! Alifikiria kwanza daftari. Miaka thelathini na mbili hakuna jina aliloandika kabla ya kuona taya, na siku watu walipomwita kwa heshima ndiyo siku aliyotaja jina akaishia njiani, kwa makusudi, kwa sababu lilimfurahisha. Alijisikia mchafu.

Mchana akapanda kwenye tanki, akachomoa lile jiwe. Kifuniko kikaanguka kwa kishindo. Kiende alikuwa anapita hapo chini na mtungi wake, akasimama, akanyanyua uso uliokazwa na mkanda.

"Unafunga nini tena, Mwalimu?" akauliza. "Mimi si mlinifungia kitambo?"

"Shughulika na yako," Ishmael akajibu.

Akarudi nyumbani, akaandika kila kitu katika daftari: tarehe, pipa, chujio, jiwe. Akapiga mstari chini. Akadhani sasa atapumua. Siku tatu chakula hakikupita. Gatwiri alimvumilia siku hizo, ya nne akaweka sahani chini kwa nguvu.

"Baba Linda, wewe ni mgonjwa ama ni nini?"

Akamwambia. Alimwambia mpaka mwisho, akamfungulia na daftari. Gatwiri alisoma polepole, akifuatisha kidole.

"Kwa hivyo ukweli umeandika," akasema.

"Nimeandika."

"Kwa daftari yenye hakuna mtu anasoma." Gatwiri akalifunga. "Mimi huyo mama simpendi, unajua. Mdomo wake ni mbaya. Lakini mimi pia nilimtemea mate siku ile, kwa sababu yako. Nilimtemea mtu mate kwa sababu ya neno lako, Ishmael! Mkutano ni Jumamosi. Ukinyamaza, chakula utajipikia."

Ijumaa wakala wa ng'ombe alikuja na lori kutoka Makutano. Mtamba wa Kiende, mwenye mimba ya miezi sita, alitolewa langoni akivuta kamba nyuma, na Kiende alitembea kando yake akimsugua shingo mpaka kwenye lori. Hakulia. Lori lilipoondoka alibaki barabarani, kamba tupu mkononi, na Ishmael aliona kutoka dirishani kwamba mkono wa pili umefungwa kitambaa. Alikuwa ameanguka njia ya mtoni. Ishmael akaondoka dirishani.

Jumamosi shule ya chekechea ilijaa hadi nje. Gikunda hakuzungusha maneno. "Mambo ni mepesi. Mama Kithaka alipewa mwezi, mwezi umeisha. Tumfute, tuendelee. Kuna mwenye swali?"

Ishmael akasimama. Hadubini alikuwa amekuja nayo, akaishika kifuani kwa mikono yote miwili. "Mama Kithaka hana kosa," akasema. "Kosa ni langu."

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akichanganya Siakago na mayai na pipa na pembe sita, na ilibidi arudie mara mbili. Lakini jiwe walilielewa. Chujio walilielewa. Alipomaliza kelele ikalipuka.

"Ulituletea wadudu wa Mbeere kwa maji yetu!" mtu akapiga kelele.

"Kwa hivyo siku ile ulitudanganya," Gikunda akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hesabu zake zilikuwa zinapangwa upya.

"Sikudanganya. Niliishia njiani. Jamii niliitaja sawa, aina ndiyo—"

"Ni kitu kimoja!" akina mama wakamkata.

Ndipo Kiende aliposimama. Mkono wake ulikuwa umening'inizwa kwa leso shingoni. Hakuwatazama wengine. "Mimi niko na swali moja tu kwa Mwalimu," akasema. "Hao wadudu wako wanadhuru mtu?"

"Hapana."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto. Wanakula ukijani tu. Unaweza kuwanywa elfu na usijue."

"Na hiyo ulijua lini?"

Ishmael angeweza kusema wiki jana. Pale ndani hakuna mtu ambaye angejua. "Nimejua miaka thelathini na mbili," akasema.

Kiende akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea chenji yake kamili, akaketi.

Komiti haikukawia. Kiende arudishiwe laini siku hiyo hiyo. Ishmael anyang'anywe ufunguo na afutwe yeye, na laini yake ipewe anayengoja. Gikunda alisoma uamuzi kwa sauti iliyotulia sana. Mkwe wake alikuwa ameshakuja na bomba. Tena wakakubaliana tanki limwagwe, lisuguliwe, litiwe dawa, kwa sababu ya wale wadudu wenye pembe. Ishmael alijaribu kusema hakuna haja, akaambiwa anyamaze. Akina mama waliomfokea Kiende mwezi uliopita walimzunguka sasa, pole mama, pole sana mama, na Kiende akapita katikati yao kama anapita kwenye shamba la majani ya nepia la mtu mwingine. Mtamba hakuna aliyemtaja.

Siku ya tatu baada ya kukatiwa, mapipa ya Ishmael yalikuwa makavu. Gatwiri goti lilimsumbua, hakuweza kushuka bondeni. Mfereji wa karibu ulikuwa wa Kiende, hatua kumi ng'ambo ya mibariti. Ishmael alizunguka na mtungi mara mbili langoni kwake mwenyewe kabla ya kupata nguvu ya kwenda. Kiende alikuwa zizini anakamua kwa mkono mmoja. Alimwona, akaendelea kukamua. Ishmael akafungua mfereji, maji yakaanza kujaa, meupe, yananuka dawa.

Akaona ni lazima aseme kitu. "Mama Kithaka," akaanza, "nimekuja pia nikuambie kwamba mimi—"

Kiende akainuka, akaja, akaufunga mfereji. Mtungi ulikuwa nusu.

"Usiniambie," akasema. "Ulikuwa na mwezi mzima wa kuniambia. Nilipita hapo kwa dirisha yako mara nane kwa siku, na ulikuwa unanitazama, nilikuona. Hayo nusu beba, mpelekee Mama Linda, yeye mate yake nimesamehe. Lakini wewe maji yako iko kule chini. Ukifika pale njia inagawanyika, shika ya kushoto. Ya kulia kuna chemchemi inavuja, udongo ni utelezi. Mimi hakuna mtu aliniambia."

Akarudi kwa ng'ombe wake, akampa Ishmael mgongo.

Ishmael alimpelekea Gatwiri nusu ile, akamimina kwenye sufuria, akachukua mtungi mtupu na mkanda. Alikuwa na miaka sitini na moja na hakuwahi kubeba maji mgongoni. Hiyo aliiona kazi ya wanawake. Alishuka kati ya migomba, wapita njia wawili wakasimama kumtazama, naye akawapita. Pale njia ilipogawanyika akazitazama zote mbili. Ya kushoto ilikuwa kavu, pana, imekanyagwa. Akashika ya kulia. Hakuna aliyemlazimisha, alitaka tu kujua alipoangukia Kiende. Alishuka ubavu ubavu, akishikilia vichaka, viatu vikimponyoka, na karibu na chini akaona udongo uliochubuka mahali mtu mzima alipoteleza, alama ndefu, mpaka kwenye jiwe.